Daftari la Macho Manne

Sijawahi kumwona Mwalimu akimnyooshea ndege kidole, hata siku moja. Alikuwa anasimama ghafla katikati ya njia, mkono mmoja nyuma, anabenua midomo kuelekea aliko ndege, halafu anatulia hivyo hivyo. Ukichelewa kuelewa, alikohoa kidogo. Ukizidi kuchelewa, alikukanyaga mguu. Mwaka ule wa kwanza nilikanyagwa sana, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi, soli ngumu, vile vya walimu wa zamani.

"Mwalimu, si useme tu yuko wapi?" nilimnong'oneza siku moja, vidole vya mguu vinaniwaka moto.

"Nikisema atasikia."

"Basi onyesha kwa kidole."

"Kwetu hata boga changa halinyooshewi kidole, linaoza. Sembuse ndege."

Na huyu ni mama aliyefundisha biolojia mpaka akastaafu. Huyu ndiye aliyekuwa akimsimamisha juu ya dawati mwanafunzi yeyote aliyesema bundi analeta kifo. Nilipomkumbusha hilo, alinitazama kwa huruma, akasema bundi ni ushirikina lakini boga ni uzoefu. Ukibishana na Mwalimu ulikuwa unapoteza pumzi, na njia yetu ina mlima.

Mimi ni mtu wa duka. Nauza vitambaa pale mjini Iringa, kitenge, khanga, na sare za shule ukifika mwezi wa shule kufunguliwa. Duka nimeachiwa na marehemu baba, naye aliachiwa na baba yake aliyepanda huku akitokea pwani, ndiyo maana Mwalimu ananiita Mswahili mpaka leo, ingawa nimezaliwa hapa hapa na baridi ya hapa ndiyo iliyonikuza. Ndege niliowajua mimi walikuwa wawili, kuku na kunguru. Nilianza kutembea kwa sababu ya sukari. Daktari aliniambia nichague, nitembee au aniongezee vidonge, na vidonge sivipendi.

Nikachagua bustani ya kule Kihesa, iliyo karibu na nyumbani. Si bustani ya kujivunia. Juu kuna mikaratusi, chini kuna kijito na matete, njia inazunguka mpaka kwenye mawe makubwa ambako pimbi wanaota jua asubuhi. Jumamosi yangu ya kwanza, kabla sijamaliza hata mzunguko mmoja, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe. Ulikuwa wangu."

Nikageuka, nikajikuta nimeunganisha mikono nyuma kama niko paredi. "Ndiyo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Biolojia ulipata nini?"

"F, Mwalimu."

"Nakumbuka. Macho yanaona?"

"Yanaona."

"Basi yanatosha. Njoo."

Hivyo tu. Hakuniuliza kama nina shughuli, wala kama napenda ndege. Kwa miaka sita baada ya hapo, kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa getini kwake.

Alikuwa na daftari, lile kubwa la jalada gumu jeusi wanaloandikia mihtasari ya vikao. Ukurasa ulikuwa na mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula: ndege, wangapi, wapi, anafanya nini, na mwisho kabisa nafasi mbili za sahihi. Sheria yake ilikuwa moja, na hakuivunja. Ndege haandikwi mpaka macho manne yamemwona. Macho yake mawili, yangu mawili. Akimwona yeye peke yake, hakumwandika, hata angekuwa ndege wa ajabu namna gani. Na sauti pia haikuandikwa. "Sikio ni shahidi wa kusikia," alisema. "Jicho ndilo shahidi."

Niliona ni utaratibu wa kumchosha mtu bure. Siku moja nilichelewa, akawa amekaa na mdiria mbele yake kwenye kijito, anazama anatoka na kidagaa mdomoni, kwa muda mrefu kabisa. Nilipofika ndege ameshaondoka. Mwalimu alinieleza kila kitu, rangi ya kifua, urefu wa mdomo, mpaka namna alivyompiga samaki juu ya jiwe kabla ya kummeza. Nikamwambia, "Andika tu, Mwalimu, mimi nakuamini."

"Sijakuomba uniamini," alisema. "Nimekuomba uwahi."

Mdiria yule hakuandikwa. Nilikereka kwa niaba yake, yaani kwa niaba ya ndege, nikaona nimeanza kuharibika akili.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Kunguru aliwachukia, akiwarushia mawe waziwazi, na alikuwa na shabaha. Kuku alimla mpaka mfupa ukabaki mweupe, na firigisi hakumwachia mtu. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuheshimika, lakini mazoezi ya kwaya ya Jumamosi asubuhi aliyakwepa miaka yote kwa kusema miguu inamsumbua. Miguu hiyo hiyo ilinipandisha mimi kilima mpaka natweta. Chai aliiweka sukari vijiko vinne, mbele yangu mimi mgonjwa, halafu binti yake akipiga simu kutoka Mbeya nilimsikia akisema, "Sukari? Mimi? Nimeshasahau hata inafananaje, mwanangu."

Nikimtazama anasema, "Huo si uongo. Huo ni kumpa mtoto usingizi."

Uongo mwenyewe aliuchukia kuliko kunguru. Darasani, ukikosea, hukuruhusiwa kufuta. Ulipiga mstari mmoja juu ya kosa, mmoja tu, uliosimama sawa, halafu ukaandika jibu sahihi pembeni. "Kosa lisomeke," alikuwa anasema, anapita kati ya madawati. Aliyekwangua karatasi kwa wembe alichapwa, na aliyemtetea naye alichapwa. Na alikuwa na msemo wake wa kila wiki, ule ule tunaoujua wote, kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Kuna safari moja ya Ruaha ambayo siwezi kuiacha. Akina mama wa kanisa walikodi gari, kiti kimoja kikawa kimebaki, Mwalimu akaniingiza humo, Mwislamu peke yangu katikati ya kina mama wanaoimba mapambio. Hata hatujafika getini, palepale Idodi tuliposimama kununua mahindi ya kuchoma, ameshapata ndege wawili juu ya nyaya za umeme na amenikanyaga mara mbili. Ndani ya hifadhi tukakuta simba watano wamelala kivulini, gari zima linapiga kelele, simu zimenyooshwa madirishani. Mwalimu amegeukia upande wa pili. Anatazama kichaka.

"Bibi, simba hawa huku!" dereva akamwambia.

"Simba nimewaona kwenye noti. Rudisha gari nyuma kidogo, kuna kitu hapa."

Wale kina mama walitaka kumla. Gari likarudi nyuma. Alikuwa chozi mmoja, mdogo kama kidole gumba, anameta kijani na zambarau, anafyonza ua. Dereva wa watu akalazimishwa naye amtazame, kwa sababu mimi upande wangu palikuwa na kizuizi. Akatia sahihi kwenye daftari huku anatikisa kichwa. Mpaka leo sahihi ya dereva yule imo, na ni katika sahihi chache za humo ambazo hazinitii aibu.

Nimefika nisipopataka.

Ndege aliyempenda kupita wote alikuwa korongo taji. Wale wakubwa wa kijivu, wana shada la manyoya ya dhahabu kichwani, wanacheza wawili wawili wakiwa wanapendana. Wawili walikuwa wakija kila mvua zikianza, wanashukia kwenye majani kando ya matete, wanakaa wiki kadhaa. Mwalimu alikuwa hawasemi kwa sauti. Alikuwa anakaa kwenye benchi la zege, mikono mapajani, na mimi nimeona uso wake ukilegea mpaka unakuwa wa msichana. Marehemu mumewe ndiye aliyemwonyesha korongo wa kwanza, aliniambia hivyo mara moja tu, na sikuuliza zaidi.

Halafu mwaka mmoja mvua zilianza na korongo hawakuja. Tulingoja. Mwaka huo huo ndio niliogundua habari ya macho yake.

Getini pa bustani kuna kibanda cha mlinzi. Asubuhi moja mlinzi alikuwa ametundika koti lake kwenye msumari, yeye mwenyewe kaenda kuchota maji. Mwalimu akalisalimia koti. "Kamwene," akaliambia, akangoja, halafu akanung'unika kwamba siku hizi vijana hawajibu salamu. Nikacheka. Nikadhani ni utani. Alipogeuka kuniuliza nacheka nini, ndipo nikaona anavyonitafuta, anatazama sikio langu badala ya uso.

Ni presha ya macho. Hospitali walimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, watajitahidi kulinda kilichobaki. Alikuwa anatia dawa ya matone asubuhi na jioni, na kilichobaki kikaendelea kupungua. Kwa binti yake akasema, "Naona vizuri, mwanangu, mpaka sisimizi namwona." Nilikuwa nimekaa pale pale. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe.

Ningefanya nini? Ndugu zangu, mimi nauza vitambaa. Nilianza kutembea nusu hatua mbele yake, nasema kwa sauti, "Aa, hapa pana mzizi," kana kwamba najiambia mwenyewe. Nilianza kuona ndege kabla yake, mimi niliyepata F, na nikangoja mpaka yeye abenue midomo kwanza. Wakati mwingine alibenulia tawi tupu. Nikasema, "Shorwe?" Akasema, "Shorwe." Tukaandika shorwe. Shorwe wako kila mahali, nilijiambia, hata kama si kwenye tawi hilo basi kwenye lingine. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu.

Chini kule, pembeni ya matete, kulikuwa na vinyungu, yale matuta ya mboga ya bondeni ambayo watu wa huku wanalima hata kiangazi maji yakiwa karibu. Vitatu vilikuwa vya mama mmoja muuza mchicha, mjane, mtu wa bidii sana. Jurawa walikuwa wanammalizia mbegu. Basi akasimika miti miwili, akaivalisha viroba vya mbolea vya kijivu, na juu ya kila mti akafunga kipande cha dumu la njano kiwe kichwa. Upepo ukivuma, viroba vinainama na kuinuka.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku, jua linatoka, kila kitu kinameta. Mwalimu alikaa kwenye benchi. Ghafla akanishika mkono. Hakunikanyaga, alinishika mkono. Akabenua midomo kuelekea bondeni.

"Wamerudi," akasema.

Nikatazama. Nikaona viroba vinacheza na upepo, na madumu ya njano juu yake yanawaka kwa jua. Nikafungua mdomo. Nikamtazama usoni, na uso umelegea ule ulegevu wa zamani, machozi yamejaa nyuma ya miwani.

"Umewaona?"

Wallahi nilitaka kusema kweli. Neno lilikuwa ulimini.

"Nimewaona, Mwalimu."

"Wangapi?"

"Wawili."

Akaandika, herufi kubwa zinapanda na kushuka mistari. Korongo taji, wawili, majani ya chini, wanacheza. Akatia sahihi yake, akanipa kalamu, nikatia yangu. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa kuguna, na mimi nilikuwa namfuata nyuma, nimefurahi. Ndiyo, nakiri, siku hiyo nilifurahi. Nilidhani nimefanya wema.

Jumamosi iliyofuata walikuwepo tena. Na iliyofuata. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi iliendelea misimu miwili ya mvua. Nilimwendea mama mchicha kwa siri nikamwomba aviondoe viroba. Akanishangaa. "Nikiviondoa, ndege wanamaliza mbegu. Watoto wangu utawapa mboga wewe?" Na hata kama angekubali, Mwalimu angesema korongo wamekufa, nami ningetia sahihi msibani.

Hilo nalijua kwa sababu lilitokea. Upepo mkali uliangusha kiroba kimoja. Jumamosi ile Mwalimu alitazama bondeni muda mrefu, akasema, "Mmoja hayupo. Ameliwa na mbwa hawa wa mtaani." Wiki nzima hakula vizuri. Alinipigia simu dukani mara mbili kuniuliza kama nadhani yule aliyebaki atapata mwenzake, kwa sababu korongo wakishachaguana hawaachani. Basi Ijumaa baada ya swala, astaghfirullah, nikiwa bado na kanzu, nilishuka bondeni, nikakunja kanzu mpaka magotini, nikausimika ule mti upya, nikauvalisha kiroba, nikalifunga dumu. Mama mchicha alikuwa anamwagilia. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Baba, umeanza kulima?"

"Kimeanguka, nimekusaidia tu."

"Mungu akubariki," akaniambia, na alimaanisha.

Kesho yake Mwalimu aliwakuta wako wawili. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha ukaitishwa mkutano wa mtaa. Hoja ilikuwa matete yakatwe, bonde lote ligawiwe vinyungu, maana watu wameongezeka na mboga ni riziki. Hoja si mbaya. Mwalimu alinipigia simu nisikose. Alikuja amevaa suti yake ya kikao, daftari kwapani, na aliposimama watu walinyamaza, maana nusu ya mkutano aliwafundisha. Alisema matete yale si takataka. Akasema wamo mdiria, wamo kwera, yumo kenge, na humo anaishi ndege ambaye amebaki mchache nchini. Kusoma alikuwa hawezi tena, lakini alikariri. Jumamosi iliyopita, korongo taji wawili. Jumamosi ya kabla yake, wawili. Alizitaja moja moja, kurudi nyuma, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa anaitikia kwa kichwa. Niliona kabisa kwamba anashinda. Nikaombea mkutano ufungwe.

Mama mchicha akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote, naapa.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Pale chini mimi niko kila siku. Korongo sijawaona huu mwaka wa tatu. Pale kuna viroba vyangu viwili vya kutishia ndege. Hata huyu baba anajua, siku ile kimoja kilianguka, yeye ndiye aliyenisaidia kukisimika."

Watu waligeuka. Mwalimu hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, akasema kwa utulivu, "Daftari lina sahihi mbili. Shahidi wangu yupo. Mswahili, waambie."

Nilisimama. Duka ninalo, nina wake wa kuniheshimu na wajukuu, nimezoea kusema mbele za watu.

"Waambie, uliwaona?"

"Mwalimu," nikasema, "tutaongea nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mtu mmoja nyuma alisema "daa" kwa sauti ya chini. Mwalimu alibaki amesimama, anapapasa jalada la daftari kwa kidole gumba, halafu akakaa polepole, akikitafuta kiti kwa mkono. Mwenyekiti akauliza kwa upole kama mengine ya daftarini ni ya kweli, mdiria, kenge, kwera. Yalikuwa ya kweli. Nilisema ni ya kweli. Nani angenisikiliza tena? Matete yalikatwa kabla ya mwezi kwisha, na aliyeyaua ni mimi, kwa huruma yangu.

Kumrudisha nyumbani siku hiyo alinikatalia. Jirani ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa na neno moja tu kwangu, pale mlangoni pa ofisi ya mtaa. "Macho yalikuwa yananiacha polepole," alisema, "nilikuwa nimeanza kuzoea. Wewe umeyachukua yote kwa siku moja." Baada ya Pasaka binti yake alikuja kumchukua, akahamia Mbeya.

Nilikaa mwaka mzima bila kwenda. Nilipiga simu, binti akasema mama amepumzika. Nikapiga tena, amepumzika. Mwisho nilikuwa na safari ya kufuata mzigo Mbeya, nikasema potelea mbali, nikaulizia mpaka nikaifikia nyumba yao kule mtaa wa Soweto. Nilichukua zawadi ya kitenge. Kizuri kuliko vyote dukani, kimechapwa tausi mkia wazi, na nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba hataona picha. Mjinga ni mjinga tu.

Alikuwa amekaa uani juani, amejifunika mtandio. Amekonda. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yanatazama kitu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sukari yako ikoje?"

"Inashuka inapanda."

"Unatembea?"

"Sitembei."

"Tembea," akasema. Akakipapasa kitenge, akauliza kina nini, nikamwambia tausi, akasema haya. Akamwita binti yake alete daftari na kalamu, binti akaleta, akarudi jikoni. Mwalimu akaniwekea daftari magotini.

"Soma tangu mwanzo. Kila uliyemtilia sahihi bila kumwona kwa macho yako, mkate. Mstari mmoja. Kosa lisomeke."

Nikasoma. Kurasa za mwanzo nilisoma haraka, zilikuwa safi, na niliona anaitikia kwa kichwa kidogo kila jina likipita, chozi wa Ruaha, kigogota wa mkaratusi uliokauka, pimbi waliopata watoto. Nilipofika pale, nikapiga mstari. Korongo taji, wawili. Kalamu ilikwaruza karatasi na aliisikia. Nikapiga mwingine. Mwingine. Shorwe wa tawi tupu, mstari. Kuna Jumamosi nilikuwa natazama simu nikaitikia tu, mstari. Kisha nikafika kwa wengine ambao nilikuwa sina hakika.

"Kurumbiza, mmoja, kwenye ua wa mlinzi," nikasoma. "Huyu… Mwalimu, huyu nadhani nilimwona."

"Unadhani?"

"Sikumbuki vizuri."

"Kata."

Nikamkata. Nikawakata wengi wa namna hiyo, na wallahi najua wapo humo waliokuwa wa kweli, waliokuwa wamekaa pale asubuhi ile wanaimba, nami nikawapigia mstari kwa sababu neno langu halikutosha kuwabakiza. Jasho lilikuwa linanitoka na Mbeya ni baridi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa…" Akasema, "Endelea kusoma." Nikaendelea mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilipomaliza niliiweka kalamu chini. Ndipo ndege wakapita juu, wanapiga kelele ile yao ya ugomvi, ngaa, ngaa-ngaa, chini kabisa juu ya mabati.

Mwalimu aliinua uso. "Kwarara," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Wangapi?"

Nilikuwa nimeshasimama. Niliwaona wazi, midomo mirefu iliyopinda, mabawa yanameta kijani upande mmoja jua lilipowapiga. "Watatu, Mwalimu. Watatu, wanaelekea mlimani."

Nikachukua kalamu. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Hayo ni macho mawili," akasema. "Yangu hayahesabiki." Akageukia jikoni akamwita binti yake kwa sauti kubwa, aje upesi, aje atazame juu.

Binti akatoka mbio, mikono imejaa unga, akasimama uani anaangaza huku na huku. Mbingu ilikuwa nyeupe. "Nini, mama? Sioni kitu."

"Wamepita sasa hivi tu," nikamwambia, "nyuma ya ule mti, walikuwa watatu."

"Mimi sijaona, kaka," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Nikaketi. "Walikuwa watatu, Mwalimu. Haki ya Mungu, walikuwa watatu."

Alikuwa ameshalifunga daftari, amelilaza mapajani, viganja juu yake.

"Inawezekana," alisema.